Ujumbe Umekatikia Wapi? Namna ya Kutumia Modeli za Mawasiliano Kazini

Karibu kila chuo kinachofundisha uandishi wa habari, uhusiano wa umma au afya ya jamii huchora ubaoni visanduku vilevile: mtoa ujumbe, njia, kelele, mpokeaji. Mwanafunzi anavinakili, anavijibu kwenye mtihani, kisha anavisahau. Siku akiajiriwa na tangazo lake likakosa mwitikio, anafanya kile ambacho ofisi nyingi hufanya: vipeperushi vichapwe tena, gari la matangazo lipite tena, spika iongezwe sauti.

Modeli hizo zinastahili kutumiwa kuliko hivyo. Kila moja ilibuniwa na mtu aliyekuwa na tatizo halisi mbele yake, awe mhandisi wa simu, mchunguzi wa propaganda ya vita au mtafiti wa kura. Kwa hiyo kila moja inaona aina yake ya hitilafu, na haioni nyingine. Ukijua ipi inaona nini, unaweza kukagua ujumbe wako kipande kwa kipande kabla haujatoka, na ukishindwa unajua pa kuanzia kutafuta. Hapa nimezipanga kufuata mtiririko wa kazi badala ya miaka zilipotungwa.

Ili tusibaki hewani, tushike kazi moja mwanzo hadi mwisho. Tuseme wewe ni mhudumu wa afya katika kata moja nchini Tanzania na umepewa kazi ya kuwaarifu wazazi kuhusu chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha sehemu kubwa kabisa ya saratani za mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huu ni ujumbe mgumu kweli: unahusu watoto, unahusu uzazi, unatoka serikalini, na maelekezo yake yamebadilika ndani ya miaka michache. Unayoyaweza hapa utayaweza kwenye tangazo la mkutano wa maji.

Hatua ya 1: Andika matokeo kwanza

Chukua karatasi uandike maswali matano ambayo Harold Lasswell, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, aliyachapisha mwaka 1948: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, anamwambia nani, na kwa matokeo gani.

Wengi huyajibu kwa mpangilio huohuo, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu "nani" na "nini" tayari vimeamuliwa na barua kutoka juu. Anza na la mwisho. Na matokeo yaandike kama kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukiona na kukihesabu. "Kuelimisha jamii juu ya chanjo" hakuna atakayekiona kikitokea. "Mzazi amruhusu binti yake wa miaka 9 hadi 14 achanjwe shuleni Jumatano" kinaonekana. Ukishaandika hivyo, maswali mengine yanajifungua yenyewe. Kwa nani? Kwa mzazi, wala si kwa "wananchi wote". Mzazi yupi, baba au mama? Katika nyumba nyingi mama ndiye anayeshika kadi ya kliniki, lakini baba au bibi ndiye anayesema hapana. Basi una hadhira mbili, na huenda zinahitaji maneno mawili tofauti.

Kisha rudi kwenye "nani". Jiulize mzazi atamwona nani nyuma ya ujumbe. Barua ikisainiwa na mwalimu mkuu, kwake ujumbe umetoka shule. Ikija na nembo tupu, umetoka "kwao huko". Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, alishaeleza kwamba msemaji hushawishi kwa mambo matatu: kuaminika kwake mwenyewe, hisia anazoziamsha kwa wasikilizaji, na hoja anazozitoa. Vipeperushi vya afya hujaza la tatu na kuacha mawili ya kwanza wazi. Andika jina la mtu ambaye mzazi wa kata yako akimsikia anatulia. Mara nyingi ni muuguzi aliyemzalisha.

Lasswell alikuwa ameichunguza propaganda ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na alitoa kitabu juu yake mwaka 1927. Modeli yake inaubeba uzoefu huo: kuna anayesema na kuna anayesemeshwa, basi. Itumie kupanga tu. Haitakusaidia kusikiliza.

Hatua ya 2: Ufuate ujumbe kwa miguu

Hapa ndipo penye Claude Shannon. Mwaka 1948 alikuwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, na tatizo lake lilikuwa la waya: ishara inaingia upande huu, inachafuka njiani, upande wa pili itarudishwaje kama ilivyokuwa? Alichora chanzo cha habari, kisambazaji, njia, kipokezi na mwishilio, na pembeni akaweka chanzo cha kelele kinachoingilia njia. Mwaka uliofuata makala yake ikatoka kama kitabu pamoja na maelezo ya Warren Weaver, na tangu hapo inaitwa modeli ya Shannon na Weaver.

Shannon alisema waziwazi kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo la kihandisi alilokuwa akilishughulikia. Wanaoilaumu modeli yake kwa kumsahau binadamu wanailaumu kwa kazi ambayo haikuomba. Mpe Shannon swali lake tu: je, ishara imefika?

Lijibu kwa kutembea, halisi. Barua ya shule inachapwa ofisini, anapewa mwalimu wa darasa, anaigawa saa ya mwisho, mtoto anaiweka kwenye begi, mvua inanyesha, mama yuko shambani, anayeiona kwanza ni kaka mkubwa. Kila mkono ni kiungo, na kila kiungo kinaweza kukatika. Gari la matangazo lina viungo vyake: upepo, mlima, injini, na kasi ya dereva, kiasi kwamba nyumba moja inasikia "wazazi mnatangaziwa" na nyumba ya tatu inasikia "bila kukosa". Ujumbe wa WhatsApp unamfikia mwenye simu janja na bando. Andika viungo vyote, weka alama ya kuuliza kwenye kila kimoja ambacho hujawahi kukihakikisha, kisha nenda ukahakikishe.

Shannon ana zawadi ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi kwa mtu anayeandika matangazo. Alionyesha kwamba lugha ya kawaida imejaa ziada. Kwa Kiingereza alikadiria kuwa karibu nusu ya kinachoandikwa kinatokana na kanuni za lugha yenyewe, wala si uchaguzi mpya wa mwandishi. Ziada hiyo ndiyo kinga dhidi ya kelele. Neno "chanjo" likifutika herufi mbili, msomaji analijaza mwenyewe. Lakini tarehe haina ziada. Tarehe 14 ikisomeka 11, hakuna chochote ndani ya namba hiyo kitakachomwambia msomaji kuwa kuna kosa. Vivyo hivyo umri, saa, namba ya simu na jina la kituo. Kwa hiyo vitu visivyo na kinga vipe kinga wewe: andika "Jumatano, tarehe 14". Andika "miaka 9 hadi 14, yaani kuanzia wa miaka tisa mpaka wa miaka kumi na minne". Na kwa saa, usiandike "8:00" peke yake hata mara moja. Mzazi mmoja atafika asubuhi na mwingine atafika mchana, na wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa. "Saa 2 asubuhi" inamaliza ubishi.

Ukichagua njia ya pili ya kupeleka ujumbe, chagua inayokatika kwa sababu nyingine. Barua na mtoto kusema kwa mdomo ni njia moja, kwa sababu mbebaji ni yuleyule. Barua na tangazo baada ya ibada, hizo ni mbili.

Weaver naye aliongeza jambo ambalo ni vizuri kuliandika juu ya ukurasa wako. Matatizo ya mawasiliano yako katika ngazi tatu: ishara zimefika sawasawa? Zimebeba maana iliyokusudiwa? Zimebadilisha mwenendo? Hatua hii imejibu ngazi ya kwanza tu.

Hatua ya 3: Mwache mzazi akusimulie

Mwaka 1954 Wilbur Schramm alichora watu wawili, kila mmoja ndani ya uwanja wa mambo aliyoyaishi, na akasema ujumbe unaweza kupita tu pale nyanja hizo zinapopishana. Mtoa ujumbe anaweka mawazo yake katika ishara kwa kadiri ya maisha yake. Mpokeaji anazifungua kwa kadiri ya maisha yake mwenyewe. Mwaka 1960 David Berlo akavunja jambo hilo vipande ili likaguliwe: ujuzi wa kuwasiliana, mtazamo, maarifa, nafasi ya mtu katika jamii, na utamaduni, kwa pande zote mbili. Orodha ya Berlo ni ndefu na wanafunzi huikariri kwa taabu. Kazini chukua swali moja tu kutoka humo: ni kitu gani ninachokijua mimi kiasi kwamba nimesahau kuwa mwenzangu hakijui?

Tazama kwenye kazi yetu. Kwa mhudumu wa afya, "saratani ya mlango wa kizazi" ni jina la ugonjwa. Kwa mama asiyelizoea, sentensi "binti yako atachomwa sindano ya mlango wa kizazi" inaweka sindano na kizazi cha mtoto wake pamoja, na picha inayomjia inatisha. Uvumi kwamba chanjo hii inafunga uzazi umesikika katika nchi nyingi, na si wote umeletwa na watu wabaya. Mwingine unazaliwa hapo, kwenye sentensi ya ofisini iliyosomwa na mtu makini. Ukiianza tofauti, "sindano ya begani inayomkinga binti yako na saratani itakayoweza kumpata akiwa mtu mzima", umesema kweli ileile na umempa picha nyingine.

Sasa jaribu ujumbe kabla ya kuuchapa. Tafuta wazazi watano au sita ambao hawafanyi kazi ya afya. Msomee kila mmoja peke yake mara moja, kisha weka karatasi mbali. Usiulize "umeelewa?" Kwetu atakujibu ndiyo kwa heshima, hasa kama umevaa kitambulisho. Muulize hivi: "Ukifika nyumbani, mwenzako akikuuliza nilikuwa nasema nini, utamwambiaje?" Nyamaza, sikiliza, andika maneno yake kama alivyoyatamka. Akiacha umri, umri haukusikika. Akisema "sindano ya kizazi", umeshajua la kufanya. Na akieleza jambo lako kwa sentensi nzuri kuliko yako, ichukue sentensi yake uitumie. Watano au sita hawatoshi kukupa takwimu, lakini wanatosha kukuonyesha mashimo makubwa.

Neno moja la tahadhari. Kwenye semina utaambiwa kwamba asilimia 7 tu ya mawasiliano ni maneno, asilimia 38 ni sauti na asilimia 55 ni uso na mwili. Namba hizo zilitokana na majaribio madogo ya maabara ambayo Albert Mehrabian na wenzake waliyachapisha mwaka 1967, yaliyohusu namna watu wanavyokisia hisia za kupenda au kutopenda pale maneno na sauti au uso vinapopingana. Hazielezi tangazo la chanjo, na mwenyewe Mehrabian ameshakanusha matumizi hayo mapana. Maneno yako yana uzito wote. Yapime.

Hatua ya 4: Jenga njia ya kurudi kabla ya kutuma

Mwaka uleule wa 1948, Norbert Wiener alitoa kitabu chake kuhusu sibanetiki, elimu ya namna mitambo na viumbe vinavyojirekebisha kwa kutumia taarifa za matokeo yao wenyewe. Kutoka huko neno mrejesho liliingia katika nadharia ya mawasiliano, na mstari wa Lasswell na Shannon ukapindwa kuwa duara. Dean Barnlund, mwaka 1970, akaenda mbali zaidi: hakuna zamu. Unapozungumza, wakati uleule unasoma nyuso, na uso wa msikilizaji unaibadilisha sentensi yako kabla hujaimaliza. Wote wawili ni watoaji na wapokeaji kwa pamoja.

Karatasi na redio haziwezi kusoma nyuso. Kwa hiyo ukizitumia, njia ya kurudi lazima uijenge kwa makusudi, na mfano bora ninaoujua uko hapahapa nyumbani.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, juu ya kujikinga na maradhi kama malaria, kichocho na kuhara. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Ukiitaja leo, wengi watakumbuka redio, na redio ilikuwa kweli uti wa mgongo wake. Lakini tazama kilichozunguka redio. Watu hawakusikiliza kila mtu kwake. Walikusanyika katika vikundi kwa wiki kadhaa, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo mapema. Kulikuwa na kitabu cha somo kilichoandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka tu kujifunza kusoma. Kipindi kikisikilizwa, kurasa zinasomwa, kisha majadiliano yanaanza: haya tuliyoyasikia yapo kijijini kwetu? Nani aliwahi kuyaona? Tunaweza kufanya nini sisi wenyewe? Na mkutano ulitarajiwa kumalizika kwa uamuzi wa kitendo, kama kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba au kusafisha chanzo cha maji.

Ilivyopangwa kwa ustadi! Njia ya upande mmoja, redio, iliwekewa duara ndani ya kila kikundi. Swali la mkulima halikuhitaji kusafiri hadi Dar es Salaam. Lilijibiwa, au angalau lilisikika, palepale chini ya mti. Na haikuwa mara ya kwanza. Kampeni za redio na vikundi zilikuwa zimetangulia, ikiwemo Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, miaka kumi baada ya uhuru. Wapangaji wake, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikiwa katikati yao, walijifunza kwenye ndogo kabla ya kwenda kwenye kubwa.

Kwa kazi yako, fanya hivi. Kabla barua haijatoka, amua swali la mzazi litapita wapi. Mkutano wa kijiji peke yake hautoshi: mama aliyekaa mbele ya baba mkwe wake hatauliza habari za uzazi. Tafuta mahali ambapo watu tayari wanaongea kwa uhuru, kama kikao cha vikoba, foleni ya kliniki ya watoto au kijiwe cha bodaboda, na omba robo saa. Weka namba moja ya simu inayopokelewa na mtu mmoja anayejulikana, si "ofisi". Kisha weka daftari, na kila swali liandikwe siku hiyohiyo pamoja na mahali lilipoulizwa.

Ukifika mahali hapo, usianze na chanjo. Roman Jakobson, katika kazi yake ya mwaka 1960 kuhusu dhima sita za lugha, alitenga nafasi kwa maneno ambayo kazi yake ni kufungua na kuweka wazi mlango kati ya watu. Sisi tunayajua bila kusoma: hodi, shikamoo, habari za hapa, watoto hawajambo, mvua imewafikia? Mtaalamu mwenye haraka huyaona kama kupoteza muda. Akiyaruka, kila kitakachofuata kinasikilizwa na mtu ambaye bado hajamkaribisha.

Na ukimya usiuite idhini. Paul Watzlawick na wenzake waliandika mwaka 1967 kwamba binadamu hawezi kutowasiliana. Kunyamaza, kuchelewa, kutokuja, vyote ni ujumbe. Mkutano ukikosa hata swali moja kuhusu chanjo ya mabinti, kuna kitu umeambiwa, na inakubidi urudi kuuliza pembeni.

Hatua ya 5: Watafute waliosimama katikati

Mwaka 1940, Paul Lazarsfeld na wenzake walifuatilia wapiga kura wa Erie County, Ohio, wakitarajia kuona redio na magazeti yakigeuza kura. Waliyoyakuta, waliyoyachapisha mwaka 1944, ni kwamba watu walishawishiwa zaidi na watu wenzao, hasa wale waliofuatilia habari kwa karibu na kuaminiwa na jirani. Elihu Katz na Lazarsfeld waliliendeleza wazo hilo katika kitabu cha mwaka 1955: ujumbe hutoka kwenye chombo cha habari kwenda kwa mtu anayesikilizwa, na kutoka kwake kwenda kwa wengine.

Tofautisha aina mbili za watu wa katikati. Kuna anayesikilizwa, na kuna anayeshika lango. Kurt Lewin ndiye aliyeleta wazo la lango, na mwaka 1950 David Manning White akachunguza mhariri mmoja wa gazeti akichagua habari zipi zipite na zipi zitupwe. Mwalimu mkuu, kiongozi wa kikundi cha WhatsApp cha wazazi na katibu wa msikiti wanaweza kuuzuia ujumbe wako bila kuupinga, kwa kusahau tu. Anayesikilizwa anaweza kuwa hana cheo chochote: shangazi, fundi cherehani, mama muuza maandazi ambaye kila mtu hupita kwake asubuhi.

Washika lango wape ujumbe mapema, ukiwa mfupi na tayari kusomwa neno kwa neno. Wanaosikilizwa wape kitu kingine, muda wa kuuliza maswali magumu hadi waridhike. Usiwape karatasi na kuondoka. Mama muuza maandazi akiulizwa "eti inafunga kizazi?" hatasoma karatasi. Atajibu kwa alichokiamini.

Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, uliithibitisha njia hii. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, hadi alipougua. Mitambo ya Dodoma haikuurusha mpaka mwaka 1995, kwa hiyo watafiti, Everett Rogers akiwa mmoja wao, waliweza kulinganisha maeneo yaliyousikia na lisilousikia. Pamoja na kuongezeka kwa matumizi ya uzazi wa mpango, waliona kwamba wasikilizaji walizungumza zaidi na wenza wao na watu wao wa karibu kuhusu mambo hayo. Mchezo uliwapa watu namna ya kulianza jambo zito: unamjadili Mkwaju kwanza, kisha mnajijadili wenyewe. Ukiweza kumpata mzazi ambaye binti yake amechanjwa mwaka uliopita na yuko radhi kusimulia, una kitu chenye nguvu ileile.

Rogers huyohuyo, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu kuenea kwa mambo mapya, aliwagawa watu kwa mwendo wao wa kuyapokea: asilimia 2.5 wa kwanza kabisa, 13.5 wanaowafuata, kisha makundi mawili ya asilimia 34, na 16 wa mwisho. Usizichukue namba hizo kama sheria ya kata yako. Chukua wazo: hao 13.5 ndio wanaotazamwa na wengine, kwa hiyo anza nao.

Hatua ya 6: Tenganisha asiyeelewa na asiyekubali

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu kuiruka ni kumdharau mtu.

Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Birmingham, alitoa mwaka 1973 maelezo yake kuhusu namna watazamaji wanavyozisoma habari za televisheni. Ujumbe mmoja unaweza kusomwa kwa namna tatu. Wapo wanaoupokea kama ulivyokusudiwa. Wapo wanaoukubali kwa ujumla lakini wanaupindisha ulingane na hali yao. Na wapo wanaouelewa sawasawa, kisha wanaukataa kwa sababu wanasimama mahali pengine.

Sikiliza wazazi watatu. "Sawa, nitamleta." "Chanjo ni nzuri, lakini wa kwangu ana miaka tisa tu, hayo mambo hayamhusu bado." "Mnatuletea sindano za bure, lakini tukienda zahanati kwa homa tunaambiwa dawa hakuna. Kwa nini hii iwe bure?" Ofisi nyingi zitawaandika wa pili na wa tatu chini ya kichwa kimoja, "uelewa mdogo", na tiba itakuwa kipeperushi chepesi zaidi. Lakini wa tatu ameelewa kila kitu. Kilichokataa ni imani yake kwa anayesema, na ana sababu.

Wa pili mjibu kwa hoja aliyoishika yeye: chanjo hutolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla mtu hajawahi kukutana na kirusi, na umri mdogo ndio wakati wake. Wa tatu usimpe elimu zaidi. Kubali jambo alilolisema kuhusu dawa kama ni kweli, mweleze wazi ni nani anayegharamia chanjo na kwa nini, na ikiwezekana malalamiko yake yafikishe panapohusika na umrudishie jibu. Akiendelea kukataa, mwandike kama aliyekataa, pamoja na sababu yake kwa maneno yake. Taarifa hiyo ina faida kwa walio juu yako kuliko asilimia ya "uelewa".

Hatua ya 7: Baada ya siku yenyewe, rudi nyuma kiungo kwa kiungo

Jumatano imepita. Linganisha waliokuja na kitendo ulichokiandika hatua ya kwanza. Kwa ambao hawakuja, tembelea nyumba chache na uulize kwa utaratibu huu, usiruke: "Mlipata habari?" Kama hapana, rudi hatua ya 2. "Mlisikia inahusu nini?" Akikusimulia jambo lingine, rudi hatua ya 3. "Kulikuwa na jambo mlitaka kuuliza?" Kama lilikuwepo na halikuulizwa, njia yako ya kurudi ilifungwa mahali. "Mliongea na nani?" Hapo utamgundua mtu wa katikati usiyemjua. Mwisho kabisa ndipo "Mlionaje wenyewe?", na unyamaze jibu litoke.

Mara nyingi utakuta mkato ni mmoja au miwili, na uko mapema kuliko ulivyodhani. Kijiji kizima kikidaiwa kupuuza, huenda ni darasa moja ambalo mwalimu wake alikuwa safarini na barua zimebaki kwenye droo. Hapo huhitaji kampeni mpya. Unahitaji barua thelathini na mtu wa kuzigawa.

Daftari la maswali lifungue sasa. Swali lililoulizwa mara nyingi kuliko yote, kwa maneno yaleyale ya waulizaji, liweke kuwa sentensi ya kwanza ya tangazo lijalo, na jibu lake liwe la pili.